Kadii Aliyekataa Kusimama

Watu mia mbili walisimama, Kadii akabaki kitini. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amesinzia. Mhubiri mgeni alikuwa amesimulia habari za Wakristo wa nchi ya mbali wanaosali vichakani kwa kunong'ona huku wakiwindwa, kisha akauliza kwa sauti iliyotetemesha spika: "Nani hapa yuko tayari kufa kwa ajili ya Yesu? Simama!" Wakasimama wote, hata fundi wa vyombo vya sauti, ambaye kwa kawaida ibada humpita macho yakiwa kwenye simu. Kadii alikuwa mwenyekiti wa akina mama, kitambaa cheupe cha cheo begani, kiti chake safu ya mbele kabisa ambako hakuna pa kujificha. Tusimsingizie, alijaribu kuinuka. Moyo ulikataa.

Kanisa lenyewe liko Bofa, nyuma ya mahoteli, na ni kanisa la raha. Lina feni kumi na mbili na viti vyenye mito. Hakuna anayemwuliza mtu anaabudu nini. Akina Hafidha, jirani zake Kadii Waislamu wa nyumba ya pili, humletea biriani Idi, naye huwapelekea keki Krismasi, na mlango haufungwi kwa mtu. Kadii ni msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli mojawapo. Miaka kumi na tisa amenyoosha mashuka ya wageni, amemsomesha mwanawe Cliff, amejenga nyumba ya mawe yenye mfereji jikoni. Alijaliwa, na alishukuru. Lakini siku ile kitini alijiuliza: mbali na kushukuru, imani imewahi kumdai nini?

Swali hilo lilitoka kwa mamake, Pola. Pola aliokoka huko Ganze, Kadii akiwa na miaka saba. Mwaka huo mvua iligoma, ukoo ukaamua kuwatambikia koma, mizimu ya mababu, na kila mke aliyeolewa humo akatakiwa alete unga wa tambiko kwa mkono wake. Pola akakataa. Wakamwambia basi asichote tena maji kwenye silanga ya ukoo, lile bwawa la kuchimbwa walilolitegemea wote. Miaka miwili alipiga mguu hadi silanga ya watu wengine, alfajiri akitoka na ndoo, jua la utosi akirudi, Kadii nyuma yake na kidumu, akilia.

"Si uwape tu huo unga, mama?"

"Sitaki."

Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote ya Pola, maana kusoma hakujua.

Sasa mtazame bintiye. Jumapili moja tu kabla ya ile ya mgeni, umeme ulikatika katikati ya nyimbo, feni zikazimika, na ibada ikafungwa kabla hata Biblia haijafunguliwa. Aliyemnong'oneza mchungaji afupishe, kwa kuwa watu wanatota jasho, ni Kadii mwenyewe. Na watu wale wale ndio waliokuwa wakiapa kumwaga damu yao! Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumatano akaitwa ofisini. Mchungaji Kiponda alikuwa ameketi na mzee wa kanisa, Nzai, ambaye ndiye aliyembatiza Kadii kwa maji ya bahari miaka ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Cliff. Kwani siku ile miguu ilikufa ganzi? Sema ilikufa ganzi, tuyamalize."

Ungekuwa uongo mdogo, na mzee alikuwa ameutandika kama mkeka ili Kadii aupitie bila kuchafuka miguu.

"Haikufa ganzi, mzee. Ilikuwa mizima."

"Basi humpendi Bwana?" aliuliza mchungaji.

"Nampenda. Lakini tulimkimbia kwa sababu ya jasho, mchungaji. Jasho! Leo nisimame niseme nitamfia? Huko ni kumpaka Mungu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mchungaji akakasirika. Jumapili ijayo, alisema, Kadii asimame mbele ya wote, atubu, atamke kwamba yuko tayari kufa. La sivyo, kitambaa kitavaliwa na mwingine. Hapo alimgusa pabaya. Kadii alikipenda kile cheo, tena sana. Alipenda kutangulia, alipenda wake za mameneja wamngojee aseme neno. Alitoka ofisini na machozi ya hasira.

Nyumbani alimkuta Pola, ambaye sasa anaishi naye, akichambua mchicha barazani.

"Mama, kule Ganze, ungekufa kwa ajili ya Yesu?"

Pola alicheka hadi akaweka mchicha chini. "Nife? Nani aliniuliza habari za kufa, mwanangu? Mimi niliulizwa unga."

Jumapili Kadii alipewa maikrofoni. Watu wakangoja toba.

"Sijui kama ningekufa," alisema. "Sijawahi kuulizwa na mtu mwenye panga, na nyinyi hamjawahi. Imani yangu ni changa, imelelewa kwenye mito. Hilo natubu, na naona haya. Lakini nimetakiwa niseme uongo ndani ya nyumba ya Mungu, ili nibaki na kitambaa. Hilo sitaki!"

Akakivua mwenyewe, akamkabidhi Everlyne, msaidizi wake. Nyuma mtu alisema "Amina", kisha akajifanya anakohoa.

Watu walisogeza magoti ili apite aende zake. Mlango ulikuwa wazi, na kanisa la jirani lilikuwa limeshamtumia ujumbe wa kumkaribisha, pamoja na kiti cha mbele. Kadii alitembea hadi safu ya mwisho, palipo na wageni, akaketi. Shingo zote ziligeuka. Uso ulimwaka kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua tangu abatizwe, na hakuuinamisha.

Mzee Nzai akamfuata, akainama sikioni mwake. "Mama Cliff, kama ni kwenda, nenda kwa amani. Hatukuzuii."

"Najua hamnizuii, mzee," alijibu Kadii, bila kunong'ona. "Kufa, sijui. Kutoka, sitoki."