Kitabu cha Tano Hatukuwa Nacho

Nilishuka Kamina kungoja treni nyingine. Vitabu ndivyo vilivyonifanya nibaki. Binti wa mwanajeshi aliuza makala, makaa ya kupikia, karibu na kambi, na chini ya meza yake niliona vitabu sita vya Kifaransa, vimechakaa, hadithi moja ndefu ya falme na mazimwi. Aliviacha mama yake, aliyezikwa hapahapa Kamina. Vilikuwa saba, lakini cha tano kilipotea. Mimi shule niliiacha mapema, ila siwezi kupita penye maandishi bila kusimama. Nikaazima cha kwanza.

Ugomvi wetu ulianzia cha sita. Cha nne kinapoisha, binti mfalme hawezi hata kumtazama mwindaji, anasema ananuka farasi. Cha sita kinapoanza, wameshaoana.

"Balipendana wapi?" akaniuliza. "Nionyeshe."

"Mu kitabu ya tano."

"Weye kila kitu unatupaka mule. Iko kitabu ao iko shimo ya takataka?"

Kwenye simu yake tulisoma mawazo ya wasomaji wa Kinshasa na kwingine. Mmoja aliapa kwamba mwindaji alimnywesha dawa. Mwingine alisema mwindaji wa kweli alikufa, na huyu ni kivuli chake. Mwenye vitabu aliwacheka wote. Vita vilikuwa vinakuja, alisema, na mwanamke asiye na mume alipaswa kuhama ngome. Binti mfalme hakutaka kuhama.

"Ni vile tu. Dawa ya nini? Tena hakuna mwenye alimuuliza. Kwetu bangemuuliza mara tatu."

Kisha baba yake akapewa uhamisho, mkoa wa mbali. Binti asiyeolewa angemfuata. Wiki ileile, akipanga makala yake, akaniambia, "Na weye, hauwezi kuja kuniomba kwa papa?"

Nilifurahi mpaka nikaacha kufikiri.

Sikuwa na ndugu Kamina. Fundi viatu aliyenipangisha chumba akawa baba yangu mkubwa kwa siku moja. Tulipeleka mbuzi na bia. Baba mdogo wa binti alishika chupa bila kuifungua, maana kinywaji cha mkwe hakionjwi kabla binti hajaulizwa.

"Mama, tukunywe ao tusikunywe?" akamuuliza binti.

"Mukunywe."

"Tukunywe?"

"Mukunywe."

"Fikiri muzuri. Hii bia ikiingia mu tumbo yangu, hairudi mu chupa."

Watu wakacheka. Yeye alikuwa anatazama nje ya dirisha, upande wa njia ya makaburi.

"Mukunywe, papa."

Ilikuwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba makala yamekauka vizuri. Hapo nikaona kwamba jibu la ugomvi wetu alikuwa amekwisha kunipa zamani, mezani kwake, aliposema juu ya ngome, na mimi nikabisha. Chupa zikafunguliwa. Yangu niliishika mpaka ikapata moto mkononi.

Baba yake aliondoka, sisi tukabaki. Si mke mbaya. Kila Jumapili baada ya misa anapita kaburini kung'oa majani, na akirudi ananiuliza kama nimekula.

Mwaka uliofuata nilisindikiza mizigo ya mfanyabiashara mmoja hadi Lubumbashi, na mke wangu akaniagiza nikitafute kile kitabu huko. Kando ya barabara, kwenye vitabu vilivyotandazwa chini, nikakikuta cha tano. Nilikisoma njia nzima ya kurudi, ukurasa kwa ukurasa, na nilipomaliza nikarudia. Binti mfalme na mwindaji wanakutana mara mbili tu. Mara ya kwanza wanazungumza juu ya kwato la farasi anayechechemea. Mara ya pili yeye anaomba chumvi, mwindaji anampa.

Treni ilipokaribia Kamina nikakiacha kwenye kiti.

Nyumbani nilimkuta anasonga bukari, ugali wa huku.

"Kitabu, ulikipata?"

"Hapana."

Aliendelea kusonga, kisha akaniwekea kipande kikubwa cha samaki.

"Basi ni mule balipendana," akasema, bila kunitazama. "Mu kitabu ya tano."

Nikanawa mikono, nikala.