Asali, Shubiri na Lesi ya Wifi

Wifi yangu anafunga lesi. Sisemi anafuma, kwa maana kufuma hata mimi najua. Hii yake haina sindano wala kroshia. Ni uzi, vidole na kitumbwi, yaani kipande cha pembe chenye umbo la jicho, kinachoenea kiganjani, uzi umezungushiwa tumboni mwake. Unatandaza uzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, unapitisha kitumbwi chini na juu, unafunga fundo, na jingine, na jingine. Ukivuta, mafundo yote yanakimbiliana na kuwa kitanzi cha duara. Vitanzi vikishikana mikono, hiyo ndiyo lesi.

Ni nyembamba lesi hiyo! Siku moja sisimizi aliingia ndani yake asubuhi akitafuta sukari, akapotea njia, akatoka jioni ana mke na watoto. Anayebisha aje, nitamwonyesha sisimizi.

Kazi hii wifi aliipata kwa dobi. Alikuwa msichana wa pasi, kutwa anazungumza na mashuka ya watu, na ghorofa ya juu aliishi fundi cherehani mzee aliyekuwa akitobolewa kifua na kikohozi lakini mikono yake haikohoi. Wifi akapanda ngazi kumpelekea maji ya moto, akashuka anajua lesi. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Mimi najua alipanda zile ngazi hadi zikachakaa, na fundi akamrushia viatu zaidi ya mara moja, kwa sababu fundo la lesi likikosewa halifunguki. Unakata uzi, unaanza upya, unameza matusi.

Fundi alipofariki, wifi akaanza kufundisha. Alikuwa na kijichumba nyuma ya dobi, mashuka yananing'inia kila mahali, wanawake wa mtaa wamekaa juu ya vikapu vya nguo chafu. Muuza mkaa alijifunza. Mkunga alijifunza. Hata yule jirani yetu asiyeweza kufunga kamba ya kiatu chake alijifunza, akatoka na kola ya lesi shingoni, anatembea kama bata aliyeoga.

Mimi peke yangu, mke wa kaka yake, niligonga mwamba.

Na si kwamba sikuenda. Nilikwenda. Nikiingia tu, chumba kizima kinanyamaza. Wanawake wanatazama chini, mabega yanatikisika. Wifi ananikaribisha vizuri, "Karibu wifi, kaa hapa karibu yangu," kisha anafunga mafundo yake kimya, anaguna puani tu, mm-mm, mm-mm. Na kila nilipokuwapo mkono wake ulikuwa mzito, tofauti na sifa zake. Nilidhani ni heshima. Nikajiambia, ama kweli nimeolewa kwenye ukoo wa watu wenye adabu.

Nikifunga mafundo yangu yanapendeza, nikivuta, kitanzi kinagoma kama punda mlangoni. Miaka ikaenda. Wajukuu wakaja. Kitanzi hakikufunga hata kimoja.

Sasa sikia mdomo ulivyoniponza. Mjukuu wangu wa kwanza alipochumbiwa, mama mkwe wake, mwanamke wa miwani ya dhahabu na maswali mengi, aliuliza mbele ya halaiki, "Upindo wa shela la bibi harusi ataufunga yule wifi yako maarufu?"

Wifi wakati huo yuko ng'ambo, amekwenda kumwangalia mwanawe aliyepata mtoto. Nami sijui ni shetani gani aliyenivuta ulimi. Nikasema, "Wifi wa nini? Nitaufunga mimi, kwa mikono yangu hii."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akakohoa. Mjukuu akanikumbatia, akaninong'oneza, "Bibi, nilitaka wewe tu." Basi, hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Mtu wa miwani ningeweza kumdanganya hata akasahau. Lakini yule mtoto nitamwambia nini?

Tuyaache hayo, twende ng'ambo kwanza.

Wifi alianza vituko tangu uwanja wa ndege. Askari alikitoa kitumbwi kwenye mkoba, akakiona ni silaha. Wifi akakinyakua, akamfunga yule askari pete ya lesi kidoleni ili aelewe. Askari akaelewa. Akaita wenzake nao waelewe. Ndege ilichelewa kuruka, na rubani mwenyewe aliposhuka kuuliza kulikoni, akarudi na upindo kwenye kofia. Hivi ndivyo alivyonisimulia. Rubani nimemwongeza mimi.

Huko ng'ambo mwanawe anaishi juu ya duka la mikate. Wifi akawa anakaa kwenye benchi la mbele ya duka na kitumbwi chake, mjukuu akilala. Mwoka mikate, mwanamke mwenye mikono ya kukandia unga, akatoka na kusimama. Siku ya pili akatoka na kiti. Siku ya tatu akamleta rafiki yake, fundi saa, mwanamke mwembamba kama mshale wa dakika. Hawajui neno la lugha yetu, wifi hajui la kwao. Akawakalisha chini mbele yake kama anayetaka kuwasuka nywele, akapitisha mikono yake juu ya mabega yao, akafundisha kwa vidole na kwa mdomo. Walichoona wakakiiga, walichosikia wakakiiga. Benchi likajaa, duka likajaa, mikate ikaungua. Wanawake wa mji mzima wakafunga lesi.

Harusi ilipokaribia, wifi akarudi, na wale wawili akaja nao kama wageni wake. Mimi huku nimekonda. Shela liko chini ya kitanda, limekunjwa, pembeni yake mkufu wa vitanzi vilivyogoma, vinanikodolea macho.

Walifika mchana. Wifi akaenda kuoga vumbi la safari. Mume wangu alikuwa sebuleni na redio yake. Wageni wakakaa, wakatabasamu, wakatoa vitumbwi vyao. Mimi naingia na sinia la chai, ndipo nikasikia sauti mbili tamu, kama za watoto wa kwaya:

"Kaka asali, mkewe shubiri. Kaka asali, mkewe shubiri."

Nikaanza kuhesabu.

Duniani wifi yangu ana kaka mmoja tu, na huyo hapo, amekaa kwenye kiti na redio. Na kaka huyo ana mke mmoja tu, na huyo hapa, ameshika sinia!

Na wala hawakuishia kwenye maneno. Wakisema "asali," nyuso zao zinalegea na kutabasamu. Wakisema "mkewe shubiri," wanakunja pua kama mtu aliyetafuna dawa ya minyoo. Mwoka mikate alinitazama machoni kwa upendo kabisa, akakunja pua. "Mkewe shubiri," akaniambia, akaongeza, "Asante."

Ndipo nikaona mtaa wote. Muuza mkaa, mkunga, yule jirani bata. Walinitukana fundo kwa fundo miaka yote ile, na nikiingia wananyamaza!

Nilivuta pumzi ya kupasua paa. Lakini kabla haijatoka, macho yangu yakashuka kwenye vidole vya mwoka mikate. Kwenye "asali" vidole vya kushoto vinalegea, uzi unalala. Kwenye "shubiri" mkono wa kulia unakaza, na fundo linaruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, pwa! Halikazwi mara moja. Unalegeza, ndipo unakaza. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nakaza tu, shubiri juu ya shubiri, bila asali.

Nikaweka sinia chini, nikaenda kuleta kitumbwi changu. Matusi yangesubiri, hayaozi.

Nikakaa chini. Mwoka mikate akanipitishia mikono yake mabegani, ananukia hamira. Akaniashiria: sema.

"Kaka asali," nikasema. Vidole vikalegea.

Akaningoja.

"Sema," akaniashiria tena.

Sebuleni mwangu, mbele ya mume wangu, kwa kinywa changu mwenyewe, nikasema, "Mkewe shubiri." Fundo likaruka. Nikajitukana tena, na tena, nikavuta. Kitanzi kikafunga, duara, laini kama pete ya malkia.

Nikapiga kigelegele hadi redio ikakatika.

Wifi akatoka mbio, taulo kichwani, povu sikioni. Akaona kitanzi. Akaona wageni wake wanavyopiga makofi. Uso ukamshuka pole pole.

"Wifi," akasema, "nani kakufundisha?"

"Watu wako."

"Wamekufundisha... vyote?"

"Na pua wamenifundisha kuikunja. Kavae, mwenzangu, shela bado halina upindo na harusi iko mlangoni."

Tukagawana upindo, mimi upande mmoja, yeye mwingine, wageni wakishika katikati. Na hapo nikashuhudia kisichowahi kuonekana: kitanzi cha wifi kikagoma. Akakata uzi. Akaanza tena, mm-mm, mm-mm, kikagoma tena. Bila maneno yake vidole vyake vilikuwa mayatima, na maneno yenyewe hawezi kuyasema, nimemkalia uso kwa uso. Jasho likamtoka. Bila mikono yake shela halitakwisha, hilo sote tulilijua.

Ningemwacha? Nilimwacha kidogo, nikanywa chai yangu yote. Kisha nikamwambia, "Sema tu, wifi. Nimeshazoea."

"Siwezi."

"Uliweza kwa dobi."

"Kule hukuwapo!"

"Haya, basi tuseme pamoja. Kaka asali..."

"...mkewe shubiri," akamalizia, sauti kama ya panya. Fundo likaruka. Akacheka, nikacheka, wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini, na kuanzia hapo lesi ikamwagika kama maji ya bomba.

Mume wangu, baada ya kusikia anaitwa asali kutwa nzima na wanawake wanne, wawili wao wa ng'ambo, akavimba kama unga uliotiwa hamira. Akakunja nne. Akasema, bila hata kutazama tulivyozama kazini, "Haya asali wenu ana njaa. Hakuna chai nyingine?"

Mimi na wifi tukatazamana. Kitumbwi chake kikasimama hewani, changu pia.

"Mke asali," nikasema taratibu.

"Kaka shubiri," akasema wifi.

Mafundo yakaruka kama kawaida. Mwoka mikate akasita, akasikiliza, kisha akatufuata na wimbo mpya, akimkunjia pua mzee wa watu. Mzee akainuka kwenda kuchemsha chai mwenyewe.

Shela likawahi. Yule wa miwani ya dhahabu aliuvuta upindo karibu na pua, akauliza, "Kweli umeufunga wewe?" Nikamwambia kila fundo nimelitamka kwa kinywa changu, naye akadhani nilikuwa namwombea dua bibi harusi.

Ukiiona picha ya bibi harusi, tazama upindo karibu na sikio lake la kushoto. Hapo ndipo mzee alipogeuka shubiri.