Magongo ya Mhina

Enzi zetu barafu ilikuwa kitu cha kunyonya. Ilifungwa kwenye vimfuko vya nailoni, ya ubuyu au ya ukwaju, ikauzwa na mama mmoja langoni mwa shule, na ukichelewa kutoka darasani ulikuta imebaki maji matamu tu. Ulitoboa kona kwa jino, ukanyonya mpaka midomo ikafa ganzi, kisha ukaingia darasani ukijifanya hujala kitu huku ulimi mwekundu kama umelamba rangi. Mtu angeniambia wakati ule kwamba kuna nchi watu wanaikanyaga barafu, tena kwa viatu, ningemuuliza nani amewaruhusu kuichafua.

Wenzangu mliokua kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge hapa Korogwe, mnanielewa. Mnaikumbuka ile harufu chachu ya maji ya korona, kile kinu cha kuchakata mkonge, ilivyokuwa inaingia mpaka kwenye ugali. Baba alifanya kazi kinuni, mama alianika katani kwenye waya, na nyumba zilishikana kuta hivi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Leo nina nyumba ya vyumba vinne na ukuta kuizunguka. Naweza kukohoa wiki nzima.

Kaka yangu Mhina alinitangulia kuzaliwa. Polio ilimpata akiwa mdogo sana, mguu wa kulia ukabaki mwembamba, na baba akamchongea gongo la mti wa mpera la kutembelea. Kwa kuwa akina Mhina walikuwa wengi pale, watu wakamwita Mhina Gongo, naye akaitika. Msimwonee huruma. Alikuwa mbishi, mbabe, na alijua kutunga uongo ambao ungependa uwe kweli. Kilichomuuma ni kimoja tu. Kila tulipocheza chandimu, kabla timu hazijagawanywa, lazima mmoja angesema, "Mhina, wewe utakuwa refa." Alipuliza kipenga cha vidole, akatoa penalti za kuonea, watu wakacheka. Mimi niliyelala naye chumba kimoja ndiye niliyejua alivyouchukia urefa ule.

Basi Jumamosi moja tukaenda kwenye kibanda cha video, Manundu. Mwenyewe tulimwita Mjomba Kanda. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akitutafsiria Kiingereza ambacho, nikikumbuka sasa, hakukijua. Tulichelewa, maana Mhina alikataa kupakiwa baiskeli, na kutoka laini hadi mjini si karibu kwa mwenye gongo. Tulikuta kanda imeshafika katikati na watu wananung'unika. Walitangaziwa picha ya ngumi, lakini ndani ya jalada la ngumi kulikuwa na kitu kingine kabisa.

"Tulieni!" Mjomba Kanda akapiga kelele. "Huu ni mpira wa magongo! Huko kwao ndio mpira mkubwa!"

Mhina alikuwa bado anatafuta pa kukaa. Akasimama palepale mlangoni.

"Zaina," akaniambia, "umesikia? Magongo."

Kwetu neno lile lilikuwa na maana moja. Mtu akisemwa anatembelea magongo, unajua hali yake. Na ukitazama kioo, kila kitu kilikubaliana. Kila mchezaji alikuwa na gongo lake, na mchezo ukisimama, wote waliliegemea kama Mhina alivyoliegemea la kwake. Miguu yao ilikuwa minene, imefungwa vitu ndani ya soksi. Hawakutembea kama sisi, waliteleza juu ya sakafu nyeupe ambayo Mjomba Kanda alisema ni barafu. Wakichoka kidogo tu walitoka kwenda kukaa kwenye benchi, wengine wakaingia. Golikipa ndiye aliyetutia simanzi zaidi, maana alifungwa miguu yote miwili kuanzia kwenye paja hadi kwenye kidole. "Yule ndiye hali yake mbaya kuliko wote," Mhina akaninong'oneza, "ndiyo maana wamempa gongo pana." Mara wawili wakatupa glavu na kuanza kudundana, na kibanda kizima kikasimama kushangilia. Kumbe jalada halikudanganya sana.

Mimi sikushangilia, nilikuwa namtazama kaka yangu. Alikuwa amefumbua mdomo wazi.

Kijana mmoja akainua gongo lake juu ili apige bao, na umeme ukakatika. Tulingoja mpaka joto likatushinda. Haukurudi, na Jumatatu kanda ile ilisharudishwa Tanga. Hatukujua lile bao kama liliingia. Njiani Mhina alisema peke yake mpaka nyumbani. Kuna nchi, alisema, ambako wasio na miguu mizima wamepewa mpira wao, na watu wazima wa mwili wanakaa jukwaani kuwashangilia. Niliamini, na leo bado sioni kwa nini nisingeamini.

Likizo tulikwenda Handeni kwa bibi mzaa baba, na Mhina akamweleza habari nzima huku bibi anachambua choroko.

"Na hao wenye magongo," bibi akauliza, "wanaoa?"

"Wanaoa, bibi. Tena wanagombaniwa."

"Basi usiniletee mke wa huko. Barafu ya kumpa nitaitoa wapi?"

Jirani yake bibi, mzee mfugaji aliyeweza kuegemea fimbo yake asubuhi nzima akiangalia ng'ombe, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Siku tunaondoka akatupa katambuga yake moja, kiatu cha tairi kilichochakaa. Tulipomwambia mpira wa kule ni kidude cheusi, kigumu, cha mviringo, yeye aliona mara moja kwamba kinatoka kwenye tairi.

Tukaikata, ikawa kama kisahani. Uwanja ulikuwepo, ghala la katani lililoachwa, sakafu yake imelainika kwa miaka ya kuburutiwa marobota. Tulimwaga maji, tukapaka vipande vya sabuni ya mche vilivyoibwa kila nyumba, kila mmoja akaja na fimbo yake ya mpera iliyopinda mwisho. Mhina aliingia wa kwanza, maana mchezo ulikuwa wake. Gongo likateleza, naye akaanguka vibaya, gongo likaruka hadi ukutani.  Kisha mmoja wetu, wala hakuwa na nia mbaya, akasema, "Mhina, si uwe refa?"

Aliokota gongo akaondoka. Usiku hakula, na mama akasema maneno yake ya siku zote: "Mwacheni, huyo akinuna anapika kitu."

Kesho yake alikuja na dumu kubwa la plastiki tulilokuwa tumelipasua ubavuni ili tukae ndani na kuteleza miteremkoni. Akaketi ndani, akajifunga kamba kiunoni, na mkononi hakuwa na gongo. Alikuwa na fimbo mbili fupi, kila moja kapigilia msumari ncha ya chini. Akachoma misumari sakafuni, akajivuta, dumu likaondoka kwa mlio wa kuumiza meno. Hakuna aliyemfikia. Alipiga bao kwa fimbo ya kulia, akageuka kwa fimbo ya kushoto, na sisi wenye miguu tulikuwa tunaangukiana nyuma yake.

"Lakini kwenye video walisimama," nikamwambia.

"Wale wenye hali nzito ndio hukaa," akajibu bila kusita. "Wanaingia mwishoni. Sisi hatukuona mwisho."

Tulicheza hivyo kiangazi kizima na vingine vilivyofuata. Watoto wa laini za mbali walikuja, na timu zilipogawanywa, wa kwanza kuitwa jina alikuwa Mhina. Mama alilia kuhusu sabuni na suruali. "Suruali ikitoboka tena makalioni," alimwambia, "utavaa kanga yangu uende nayo shule, na mpira wenu wa barafu ukakufunike."

Alipoingia kidato cha kwanza, kitabu kimoja pale shuleni kilikuwa na picha ya wachezaji wale. Wametoka uwanjani, wamevaa viatu vya kawaida, wanatembea wima, magongo wameyatia begani kama majembe. Alirudi jioni, akakaa kizingitini.

"Wale wana miguu, Zaina," akasema. "Mizima. Magongo ni ya kupigia tu."

 Dumu akalitupa nyuma ya jiko, na mama, ambaye hakuacha chombo kikae bure, akapanda kitunguu cha majani humo. Tukakila.

Ukubwani Mhina alikuwa fundi redio, mwenye meza yake pale Segera. Kila nilipopita njia ya Dar nilishuka nimsalimie, naye alitania abiria, madereva na mimi mwenyewe. Ila siku moja nilipomkumbusha dumu, alirudisha macho kwenye nyaya zake. "Utoto ule," akasema, na kuniuliza habari za watoto. Alitutoka masika ya mwaka juzi. Baba na mama walishatangulia. Wenzetu wa laini, mmoja yuko kwenye chai kule Dindira, wengine sijui walipo, na ghala limeezuliwa bati. Nikisimulia mchezo ule leo watu wanatabasamu kwa adabu. Hakuna aliyebaki wa kusema, "Kweli, hata mimi nilikuwepo."

Ninaishi na binti yangu Rehema, ingawa kuishi naye ni namna ya kusema. Waya za simu ziko masikioni, yeye na simu yake wako kwenye mambo yao. Akicheka nikimuuliza kuna nini, ananijibu, "Mama, hutaelewa." Kizazi hiki kina picha nyingi kuliko tulivyokuwa na nzi, na kila mtu anaangalia yake. Jumapili iliyopita simu iliishiwa chaji, akalazimika kutumia televisheni kama binadamu wengine. Ilikuwa tamthilia ya mapenzi, kijana anacheza magongo ya barafu na kila kipindi lazima avue fulana. Nikakaa na mboga yangu ya kuchambua, nikimcheka kimoyomoyo.

Kijana yule akaenda kutembelea uwanja mwingine. Wakaingia watu wanaoteleza chini chini. Hawakusimama. Walikaa kwenye vitu kama mabeseni marefu, wamefungwa mikanda kiunoni, wengine miguu haipo kabisa, na kila mmoja alikuwa na fimbo mbili fupi. Wakazichoma kwenye barafu, wakajivuta. Mwisho wa fimbo kulikuwa na meno ya chuma.

"Hapa hamna kitu," Rehema akasema, "ngoja nisogeze mbele."

"Rudisha!"

Nadhani sijawahi kumpigia kelele namna ile. Akarudisha. Wale watu wakapita tena kwa kasi, wanagongana, wanacheka, jukwaa limejaa wazima wanaowashangilia.

"Wanakaa," nikasema. "Mhina, njoo uone. Wanakaa."

"Unamwita nani, mama?"

Enzi zetu kanda moja, tena nusu, ilitutosha kibanda kizima, na ukigeuka tu ulikuta jicho la mwenzako linakuuliza umeona. Rehema alinitazama kidogo, akachukua simu yake iliyokuwa imepata chaji, akaenda chumbani. Umeme haukukatika. Nikaangalia mpaka mwisho, peke yangu.