Kumtafutia Mama Suruali ya Theluji, Mbita hadi Migori

Sababu ya safari yetu ililetwa na simu. Mdogo wangu Adhiambo, aliyeolewa Austria na mzungu anayeitwa Lukas, aliandika kwamba mwezi wa Februari familia nzima itakwenda likizo milimani kuteleza kwenye theluji, na safari hii katika "familia nzima" tulihesabiwa mimi na mama. Tiketi zilikuwa tayari, viza zilikuwa tayari, zilibaki nguo. Orodha ikafuata: suruali za theluji, jaketi zisizopenyeza maji, soksi za sufu, glavu, helmeti, miwani mipana ya kuziba nusu ya uso. Chini kabisa akaongeza, "Tafadhali msininunulie vitu vya aibu."

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbita. Nimeshona sare za kwaya mbili za kanisa moja zisizosalimiana, kwa hiyo aibu naijua vizuri na sikuhitaji kufundishwa kutoka Austria. Ila nilinyamaza, maana nilikuwa na tamaa yangu. Sikuwa nimepanda ndege maishani, na tiketi yangu ilikuwa ya kumsindikiza mama. Mama asipokwenda, na mimi nabaki na cherehani yangu.

Mama naye alikuwa na sababu nzito kuliko yangu. Hakuwa amemwona Adhiambo kwa miaka saba. Mjukuu wake Auma, aliyepewa jina lake, alikuwa ametimiza miaka minne na mama hajawahi kumbeba hata dakika moja. Alitaka kumbeba kabla mtoto hajawa mkubwa wa kukataa kubebwa. Kwa hiyo alikubali kwenda, lakini suruali ilimkwama kooni.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama mkwe hajitokezi mbele ya mume wa binti yake ila amejisitiri sawasawa. Mama hakuwahi kuvaa suruali hata shambani.

"Huyo kijana hajawahi kunisalimia kwa boma yangu," aliniambia, "sasa siku ya kwanza anione mapaja? Akoth, wewe unaona hiyo ni sawa?"

Nilicheka. Nakiri mapema, kwa sababu nilicheka kwa siku mbili mfululizo.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Mbita kwa pikapu ya baba mdogo Okeyo. Pikapu hiyo imebeba omena, dagaa wa ziwani, miaka mingi kiasi kwamba ukiiosha ndipo inanuka zaidi. Okeyo alijitolea kutuendesha bila kuombwa, na tulipofika barabara kuu tu tukajua kwa nini: alikuwa mtaalamu wa baridi. Zamani alifanya kazi kwenye chumba cha barafu cha samaki kule Homa Bay, na miaka hiyo minne ilimpa ujuzi ambao dunia haikuwahi kumwuliza habari zake.

"Baridi haiingii kwa mwili, shemeji," alimwambia mama. "Inaingia kwa kisigino. Linda kisigino, hiyo ingine ni mapambo."

Mama akamwuliza kama Austria nzima inajua jambo hilo. Okeyo akasema wazungu hawapendi kushauriwa.

Saa tatu tulikuwa Kosele, na ilikuwa siku ya soko. Mitumba ilitandazwa chini kando ya mihogo na viazi vitamu. Tulipotaja theluji, wauzaji wote waligeuka kuwa wenyeji wa theluji. Mmoja alituonyesha koti la mvua la waendesha bodaboda. Mwingine alileta gauni la kuogea, la taulo, rangi ya waridi, lenye mkanda, akaapa kwamba ndilo linalovaliwa huko juu milimani na watu wenye pesa zao. Okeyo alilipapasa kwa macho ya kitaalamu, akasema kisigino kitabaki wazi.

Nilichopata Kosele ni soksi za sufu jozi tano, na ushauri ambao ungejaza pikapu. Kila mtu sokoni alijua kuteleza ni nini. Kwetu mtu akiteleza hukimbiliwa na kupewa pole, na mama mmoja muuza dagaa aliuliza kwa uchungu wa kweli kama Adhiambo ana ugomvi na mzazi wake. Nilipoeleza kwamba watu hulipa ili wateleze, alitikisa kichwa akarudi kwa wateja wake.

Alasiri tulifika Asumbi, kwa mama mkubwa Teresa, dada wa mama. Yeye ni mtu wa kanisa asubuhi na mtu wa mila jioni, na katika kazi zote mbili hana likizo. Tulipokelewa kwa chai na ndizi, kisha kesi ikasomwa. Teresa aliisikiliza yote, akaomba aone picha ya suruali kwenye simu yangu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama mbele, akataka kujua nyuma ikoje.

"Hii inabana?"

"Haibani, mama mkubwa. Imejaa sufi, ni kama godoro."

"Na watakaa nyumba moja?"

"Wamekodi nyumba ya mbao. Vyumba viko vingi."

"Maro na mkwe, chini ya paa moja, wote kwa masuruali." Maro ndiyo mama mkwe kwa Kijaluo, na alilitamka neno hilo kama anayemwita shahidi mahakamani. Akamimina chai tena, kisha akatoa hukumu: mama avae suruali kwa sababu ya baridi, na juu ya suruali avae sketi kwa sababu ya heshima. Sketi ndefu, ya kufika kwa kifundo cha mguu, na isiwe na mpasuo. Chumba chake kiwe cha mwisho kabisa, na mlango wake usitazamane na wa mkwe.

Nilisema mtu hawezi kuteleza na sketi. Teresa akaniuliza nimeteleza mara ngapi. Tulilala pale, mama akilala kwa amani na mimi nikiwaza nitamweleza nini Adhiambo.

Ijumaa, kabla ya saa mbili, tulikuwa tumeshapita Rongo na kuingia Migori. Nilitaka tuwahi kufunguliwa kwa beli, yale marobota ya mitumba, maana nguo za kwanza kutoka kwenye beli, zile wauzaji wanaziita kamera, huisha kabla jua halijachangamka. Ukichelewa unakuta fagia, mabaki yasiyo na zipu wala heshima. Niliyemtafuta ni Mama Robi, Mkuria mmoja mwenye sauti kubwa na mikono ya haraka, anayeuza nguo za baridi kwa madereva wa malori wanaoamkia mpakani.

"Theluji?" alisema. "Hiyo tuko nayo. Hii mwezi nimeuzia watu wa bodaboda hizo masuruali mpaka zinaniisha. Wanasema hata mvua ikinyesha na mawe, hawasikii."

Kweli alikuwa nazo. Suruali nyeusi ya mama, nene, haina doa. Yangu nyekundu. Jaketi mbili, glavu, na kutoka chini kabisa ya beli, helmeti nyeupe na miwani yake. Niliweka suruali nyekundu kiunoni nikajiona tayari niko juu ya mlima, watu wananipigia makofi. Sina haya kusema kwamba nilijipenda.

Sketi ilikuwa kazi yangu. Mama Robi alinitafutia hema kuukuu la buluu lisilopitisha maji, fundi jirani akaniazima cherehani, nami nikakata vipande sita na kushona sketi pana yenye zipu ubavuni ili mama afikie mfuko wa suruali. Nilishona nikinung'unika. Mama Robi alishika utepe wa kupimia na kuuliza maswali, na nilipomweleza habari za mkwe hakucheka hata kidogo.

"Sisi pia tuko na hiyo," alisema. "Mimi nikiona mkwe wangu sokoni napitia kwa mboga. Hata kama sinunui mboga."

Kisha mama akavaa helmeti na miwani. Alisimama mbele ya kioo kilichopasuka cha Mama Robi, akajigeuza kulia na kushoto.

"Akoth, unaniona uso?"

"Sikuoni hata kidogo."

"Na yeye Lukas pia atavaa hii?"

"Kila mtu anavaa."

"Basi hao watu wanajua heshima kuliko vile nilifikiria," alisema mama, na kwa mara ya kwanza tangu orodha ifike nilimwona ana furaha. Alisema angependa ale chakula cha mchana akiwa hivyo. Tulicheka wote, Mama Robi akishika meza, na nikaamini kwamba safari imepona.

Homa Bay, saa tisa alasiri, Okeyo alikata kona bila kuuliza mtu, akaelekea ufukweni. Alisema hakuna anayenunua mtumbwi bila kuujaribu majini, na sisi tumenunua nguo za baridi kwenye jua la Migori kwa imani tu. Mlinzi wa chumba cha barafu alikuwa mwenzake wa zamani. Dakika chache baadaye mama yangu, mwenye miaka sitini na minane, alikuwa amevaa suruali, sketi ya hema, jaketi, glavu, helmeti na miwani, na anaingizwa kwenye chumba chenye samaki aina ya mbuta waliopangwa hadi darini. Mlango ukafungwa. Wachuuzi wa samaki waliacha mizani wakaja kusubiri matokeo.

Alikaa robo saa. Okeyo aligonga mara tatu akiuliza habari za kisigino, na mara zote jibu lilikuwa kwamba kisigino kizima. Mama alipotoka, mvuke ulimzunguka, watu wakapiga vigelegele, na simu yangu ikalia. Alikuwa Adhiambo, kwa video.

Nilimgeuzia mama kamera. Adhiambo alicheka kwanza, kisha akatazama vizuri.

"Mama, hiyo sketi si utaitoa? Wazazi wa Lukas watakuwa hapo. Sitaki watuangalie vibaya."

"Auma yuko wapi?" mama aliuliza.

Mtoto aliletwa. Akaona kichwa cheupe cha plastiki na miwani myeusi, akapiga kelele, akajificha nyuma ya kiti. Mama alivua glavu, akavua miwani, akahangaika na kamba ya helmeti hadi nikamsaidia. Alipomaliza, mtoto alikuwa ameshakimbia chumba kingine. Mama alibaki amesimama na nywele zimelala kwa jasho. Nilimwonea huruma, na kicheko changu cha siku mbili kilinitoka mwilini chote.

"Adhiambo," alisema polepole, "hizi manguo zote nimevaa ndio nikuje kwako. Nyinyi mkikuja kwangu, mnahitaji kuvaa nini?"

"Aa, Mama. Huko kwetu si hakuna kitu ya maana inahitajika."

"Basi miaka saba ni nini imewazuia?"

Wachuuzi walisogea karibu na simu. Kisha ikasikika sauti ya Lukas ikiuliza kitu, na Adhiambo akimjibu kwa lugha yao, kwa kifupi. Lukas akauliza tena, safari hii kwa muda mrefu, na dada yangu akaanza kulia.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anasema… anasema mimi nilimwambia mila inakataza. Kwamba mama mkwe hawezi kuonana na yeye. Kwamba akikuja nyumbani itakuwa makosa."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. Hakupandisha sauti.

"Mila inamkataza kunishika mkono. Haikumkataza kukuja. Hiyo ingine ni yako wewe."

Akanirudishia simu na kuanza kuvua suruali palepale, chini ya sketi, mbele ya watu wote wa ufukweni, bila kuonyesha hata kifundo cha mguu. Kazi yangu ya ushonaji haijawahi kujaribiwa vikali kuliko siku hiyo.

Jumamosi tulikuwa Mbita, na mama hakwenda Austria. Niliumia, nasema wazi. Nililala na suruali nyekundu kando ya mto kwa wiki moja, nikimlaumu kila mtu kwa zamu. Mwishoni nilijifikia mwenyewe. Kwa siku mbili nilimcheka mama kwa kuogopa nguo, na hata mara moja sikujiuliza kwa nini mzee ndiye aliyetafutiwa njia ya kuvumilia baridi ya watu, wakati wenye miguu michanga hawakutakiwa kuvumilia chochote. Na ile aibu ambayo Adhiambo alituonya tusiinunue, alikuwa nayo miaka yote. Aliogopa Lukas asije akaona choo chetu cha shimo, akaificha hofu yake nyuma ya heshima ya mama.

Walikuja Agosti, wote watatu. Lukas alishuka kwenye gari na kofia mkononi, mrefu, mwekundu kwa jua, akitaka sana kufanya vizuri. Mama alitoka amejitanda leso yake, akampita bila kumtazama, akamwinua Auma ambaye hakukataa, akaingia naye nyumbani na kurudisha mlango. Adhiambo alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Mkwe alisimama uani akisubiri kuitwa kama inavyotakiwa, na mama alichukua muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.