Shujaa Asiye na Wazazi

Juzi nilimkuta mwanangu amejilaza na simu yangu, anaongoza katoto kenye upanga mrefu kuliko mwili wake. "Mama, huyu hana baba wala mama!" aliniambia kwa furaha. Nilimnyang'anya simu.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Mugunga, pembeni mwa Goma, kwa jirani yetu Papa Jules, jenereta likinguruma na harufu ya petroli ikitukaba koo. Kaka yangu Amani alikuwa akicheza mchezo wa namna hiyo. Mtoto wa kwenye televisheni aliteka maji, akapigana peke yake, na watu wazima wakabaki nyumbani wakimpa maagizo. Nilidhani mchezo ule ulitengenezwa Goma. Kwingine watoto wangetumwa hivyo?

Mwanaume mwenye bunduki alisimama mlangoni, akamtazama Amani, akacheka. "Huyu mutoto iko na roho. Kuya kwetu, tutakupa bunduki ya kweli."

 Papa Jules alijifanya anaangalia jenereta. Amani alikufa kwenye mchezo, akafufuka, akanigeukia. "Uliona? Siye batoto tunarudiaka, kila mara."

Kesho yake alimfuata yule mwanaume. Mpaka leo hajarudi.

Sasa naambiwa shujaa wa michezo hii huwa mtoto ili mtoto anayecheza ajione ndani yake. Upuuzi! Shujaa ni mtoto kwa sababu mtu mzima angewauliza wanaomtuma: nyinyi mmekaa kwa nini?

Mwanangu alikuwa bado analilia simu.

"Na akikufa?" nilimuuliza.

"Anarudiaka, mama."