Jina la Shule na Jina la Bibi

Nikimwona mtu anasikia jina la mwenzake halafu anatikisa kichwa na kusema, "Aa, wenye jina hilo nawajua mimi," natoka nje nikateme mate. Sisemi kwa utani. Mate machungu yanapanda kooni kabisa, kama mtu aliyekula maharage mabichi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nusu yake nilikuwa shambani naamia ndege. Kwa hiyo usinitegemee kwa elimu. Lakini macho ninayo. Huko kwetu mlimani palikuwa na mzee ambaye jina lake maana yake ni amani. Amani huyo alimng'oa mdogo wake meno mawili kwa ajili ya mgomba wa mpakani, na mgomba wenyewe ulikuwa umeshazaa, unangoja kukatwa tu. Palikuwa na mwingine mwenye jina la mtakatifu, mtakatifu mkubwa mwenye sikukuu yake, akaiba mabati ya kigango akaezekea banda la nguruwe. Masika ile nguruwe walilala pakavu kuliko katekista. Na palikuwa na mama mmoja aliyepewa jina la msiba kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa. Ukikaa naye dakika tano mbavu zinauma kwa kicheko. Sasa hapo jina limefanya kazi gani? Jina ni la kumfanya mtu ageuke unapomwita, basi.

Katika maandishi haya hutaona jina la mtu hata moja. Sababu ni binti yangu, ambaye mafao yake ya kazi hayajatoka.

Binti yangu ana majina mawili. La ubatizo nalo lipo, lakini hilo tuliache kanisani lisituchanganye. La kwanza ni la bibi yake mzaa mama, maana sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jina la marehemu halitupwi. Kwa jina hilo alisoma shule ya mlimani mpaka darasa la saba, akafanya mtihani, hakuchaguliwa. Hakuchaguliwa yeye wala mwingine yeyote. Mwalimu wao alikuwa mmoja kwa madarasa matatu, na siku za soko alikuwa hayupo.

Nikateremka mjini na jogoo na mkungu wa ndizi, kwa mwalimu mmoja wa shule ya bondeni. Waliosoma enzi zile wanajua jambo hili, wasijifanye hawalijui. Kurudia darasa la saba kulikatazwa, basi mtoto anarudia kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole, akasema, "Hili hapa lipo, linakaa bure." Lilikuwa la msichana aliyechukuliwa na mjomba wake akapelekwa Kisaki kuozwa. Binti yangu akaingia ndani ya jina lile kama mtu anayevaa kandambili zilizoachwa mlangoni.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Tukahamia Mwembesongo, huko huko mjini, mimi nikawa nauza mboga, kabichi na karoti na njegere zinazoshuka mlimani. Mama yake alimzoeza jina la shule kwa kumshtukiza. Mtoto anaosha vyombo, mama anaita kwa nyuma. Asipoitika, kofi. Akiitika upesi, anapewa kipande cha muwa. Mpaka mwisho akawa anaitika hata usingizini. Akafaulu, akasoma sekondari, akasomea uuguzi, akaajiriwa hospitali. Vyeti vyote jina la shule. Nyumbani nasi tukamwita hilo hilo, lile la bibi tukalikunja tukaliweka.

Basi zikaja zile zama za ruksa, kila mtu auze atakacho. Nitasema mazuri yake kwanza: sabuni ilipatikana. Tulikuwa tumesahau sabuni inanukaje. Lakini ukifungua mlango aingie mgeni, na inzi anaingia. Magazeti yakawa mengi, kila wiki jipya, na kila moja lina ukurasa wa majina. Mwenye jina linaloanza na herufi hii ana wivu, mwenye herufi ile mchoyo kitandani. Watu wazima, wajukuu wanao, wanasoma hayo huku wanatafuna vitumbua, mafuta yanachuruzika kidevuni. Na lile duka la ushirika tulilopangia foleni ya sukari lilipokufa, chumba akakikodi mtaalamu wa majina na nyota. Sijui alitoka wapi. Siku moja alisema visiwani, siku nyingine ng'ambo.

Ndipo binti akapata mchumba. Kijana wa Dakawa, fundi wa pampu za maji kwenye mashamba ya mpunga, mpole, mikono ina grisi, anakunywa chai bila kuvuta sauti. Nilimpenda. Binti naye alimpenda, nilijua kwa sababu alianza kuimba jikoni, na sauti hana. Barua ya posa ikaja, tukaijibu. Kilichobaki ni padre kutangaza ndoa kanisani.

Siku ya Jumanne akaja shangazi wa kijana, aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa anauza mitumba sokoni, mama wa sauti, kila Jumapili anapokea komunyo macho kayafumba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Karibu, kaa."

"Sikai sana. Kaka, tuna tatizo na jina."

"Jina gani?"

"La binti. Nimelipeleka kwa mtaalamu, la kwake na la mama yake. Halijatoka vizuri." Akahesabu kwa vidole. "Mdomo mkali. Mguu mwepesi, hakai nyumba moja. Na mume wa kwanza humzika. Kaka, mimi nina kijana mmoja tu."

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Akaacha.

"Mama," akamwambia, "na padre umemuuliza?"

"Padre anajua majina ya mbinguni. Haya ya duniani yana wenyewe. Mimi simkatai binti. Abadilishwe jina tu, mtaalamu atatoa jingine, ndoa iendelee. La sivyo naichukua barua yangu."

Akaondoka, akaacha harufu ya nguo zilizovunda. Mke wangu akaenda kufunga mlango. Maana jina lile lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Kisaki, anauza ndizi za kuchoma stesheni treni likisimama. Ameolewa na mume mmoja tangu siku ile, hajatia mguu nyumba nyingine, na mume huyo anayetakiwa kuzikwa ni mzima, kitambi kimeshatangulia. Yaani hata mwenye jina lake halikumpata! Na sasa linakuja kumvunjia ndoa mtu aliyeliazima.

"Usithubutu kusema," mke wangu akaninong'oneza. "Ukimwambia yule mama jina la kweli, kesho soko zima linajua, keshokutwa hospitali inajua, na mtoto anavuliwa gauni jeupe la uuguzi."

Nikasema sitathubutu. Halafu nikathubutu nusu. Kesho yake nilikwenda kwa mtaalamu.

Kile chumba kilikuwa kinanuka udi juu ya mafuta ya taa ya zamani na dagaa. Mtaalamu alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole kidogo, na kila anapofungua ukurasa wa daftari lake analamba kidole gumba, analamba kabisa kama mbuzi anayelamba chumvi. Pembeni ana kopo la kutemea. Nikampa jina la mke wangu, na la binti nikampa lile la bibi. Akahesabu, akalamba, akatema.

"Mzee, huyu lulu," akasema. "Mtulivu. Mvumilivu. Akiambiwa kaa, anakaa. Nyumba atakayoingia itapata baraka."

Sasa sikiliza aibu yangu. Binti mmoja, mama mmoja, mtaalamu mmoja, kopo moja la mate, na jana alikuwa mzika waume. Nilipaswa kucheka pale pale. Lakini moyo ulifurahi! Nilitoka kifua mbele, najisemea, nilijua mwanangu ni lulu. Nilifika mpaka kwenye mtaro ndipo nikajishtukia, nikachukia mpaka nikatema mate na mimi, nikawa sina tofauti na yeye.

Jumamosi kijana akaja, akamkuta binti ametoka zamu. Tukakaa wanne sebuleni. Kijana alizungusha kikombe chake mpaka chai ikapoa.

"Mzee, mimi siamini mambo haya," akasema. "Lakini shangazi ndiye aliyenilea."

Ile lakini. Nimeona nyoka mlimani, nimeona maiti mtoni, lakini hakuna kilichonikirihi kama ile lakini yake iliyotoka kwa upole.

"Usimwambie baba," binti akasema. "Niambie mimi. Wewe unasemaje?"

"Nasema tubadili kidogo tu. Jina la kuitana nyumbani. Kazini libaki lile lile. Shangazi aridhike, yaishe."

"Mimi nilishabadilishwa jina," binti akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyeniuliza."

Mama yake akasema, "We mtoto!" Binti akamgeukia kijana. Akamweleza yote, moja moja, mtihani, daftari, msichana wa Kisaki, makofi ya jikoni na muwa. Hakulia. Alieleza kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge.

Kijana alikiweka kikombe chini. Kisha, wallahi, uso ukamfunguka akatabasamu.

"Kumbe! Kwa hiyo hilo jina baya si lako! La kweli ni lipi? Nikampelekee shangazi."

Na mimi hapo, niseme wazi, nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, lipeleke, mwanangu, limeshapimwa, ni zuri. Ulimi ulishafika kwenye meno. Binti akanitazama, akajua.

"Baba. Na wewe ulikwenda kwake?"

Nikainamisha kichwa.

Akasimama, akaleta barua ya posa kutoka chumbani, akaiweka mbele ya kijana pembeni ya kikombe.

"Jina la kweli hutalijua," akamwambia. "Na hili la jina la kuazima likitoka nje ya nyumba hii mimi sina kazi. Umesikia? Nimekupa kazi yangu uishike. Nenda nayo."

"Mpenzi, mimi sikukukataa."

"Najua. Ulikuwa unangoja shangazi akuruhusu unitake."

Kijana akaondoka na barua yake. Miezi sita sikulala vizuri. Kila nikimwona mtu na faili mtaani nadhani anatoka hospitali kutuuliza. Hakuja mtu. Yule kijana hakusema, si kwa shangazi, si kwa yeyote, na hilo moja nampa, alikuwa na kifua. Alioa mwingine, jina limepitishwa na kopo la mate. Ndoa yao ilivyokwenda siwaambii. Nikisema ilikuwa mbaya mtasema nasimanga, nikisema nzuri mtakimbilia kumtafuta yule mtaalamu.

Binti hakuimba tena jikoni mwaka ule. Siku moja alikuwa anapiga pasi gauni lake la kazi, mimi niko mlangoni nachambua njegere, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Alisemaje, yule? Kwa jina la bibi."

"Alisema wewe ni mvumilivu. Ukiambiwa kaa, unakaa."

Akapasha pasi, akapitisha kwenye kola mara mbili.

"Na wewe ukafurahi."

"Nilifurahi," nikasema.

Akavaa, akafunga vifungo, akaenda kazini. Hakuniaga.