Mabuti Niliyoyaficha Nyuma ya Gari

Mpaka leo nikisikia mlango wa nyuma wa gari unafunguliwa, hata gari la jirani, hata kama anatoa tu mfuko wa viazi, masikio yangu yanapata moto. Wengine mmeisikia habari hii hapa kanisani kwetu, wengine mmeisikia kutoka Louisville ambako imeongezewa chumvi (naambiwa huko wanasema nililia, sikulia, ulikuwa upepo), kwa hiyo afadhali niisimulie mimi mwenyewe, mwenye kosa, kuliko kuwaachia watu ambao hata hawakuwepo.

Kwanza mjue utaalamu wangu ulitoka wapi. Nilipomaliza sekondari kule nyumbani, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, nilipata kazi ya kupima mvua kwenye shamba moja la chai. Asubuhi unakwenda kwenye chombo kilichosimikwa uani, unatazama maji yamefika mstari gani, unaandika kwenye daftari, basi, unarudi kunywa chai. Hiyo ndiyo sayansi yangu yote. Na hata hiyo, asubuhi za baridi kali nilikuwa nachungulia majani dirishani, naona yamelowa kiasi fulani, naandika namba inayofanana na ya jana. Dada yangu mkubwa, Eseta, niliyekuwa nikikaa kwake, alilijua hilo. Alikuwa akinimiminia chai huku ananitazama usoni, anauliza, “Zakaria, umepima, au umeandika?” Ningejua swali hilo lingenifuata mpaka Amerika, ningeiacha kazi ile siku ileile.

Sasa tukafika Buffalo, tukapewa nyumba ya mbao West Side, na Jumapili ya kwanza Mchungaji Elia akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia, meteo, yaani mambo ya hali ya hewa. Sikudanganya, meteo ni meteo. Lakini yeye akapanda mimbarani akatangaza kwamba Mungu, aliyetuleta kwenye mji wa theluji, ametuletea pia mtaalamu wa theluji, asimame tumwone. Hapo ningeweza kusema, jamani, mimi nilikuwa nasoma maji kwenye chombo, na theluji yenyewe nimeiona juzi. Nilisimama, nikapunga mkono. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye mkono ule.

Maana baada ya hapo ilibidi niwe mtaalamu kila siku. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, natoka kwenye ngazi ya mbele na rula ya shule ya wajukuu, naichomeka kwenye theluji, nasoma inchi. Halafu naingia ndani nawasha televisheni, namsikiliza yule bwana wa tai anayesimama mbele ya ramani ya rangi (Kiingereza changu kinatosha kwa namba, kwa upepo na kwa ziwa), kisha nachukua simu na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la Watsapu: ndugu zangu wa zamu ya asubuhi, huyu ni Mzee Zakaria, leo vaeni hivi, barabara ya kwenda kwenye maghala iko hivi. Jina la bwana wa tai sikulitaja hata mara moja. Yeye ndiye aliyesoma, mimi ndiye niliyesikika.

Na heshima ikaja, jamani, heshima ni tamu. Nilikuwa Mzee Meteo. Vijana walikuwa wanasafisha njia yangu kabla sijaamka, kanisani nilikuwa na kiti changu mbele, akina mama waliniuliza Jumamosi gani ni nzuri kwa harusi, na mmoja aliniuliza kama wiki ile ilikuwa nzuri kupeleka karatasi zake za uraia, nami nikamjibu. Nikipatia nilisema nimepima. Nikikosea nilisema Mungu ana mipango yake.

Majira ya baridi ya tatu kanisa likaamua kunipa ubao wa heshima, wa mbao nzuri, umechongwa jina langu. Ukumbi ukapatikana Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, na kwaya za wenzetu wa Louisville na Columbus zikaalikwa. Mchungaji Elia, ambaye ni mtu mwangalifu, akaniambia, “Bon, mzee, kama theluji itakuwa mbaya utuambie mapema, tutaisogeza sherehe mpaka baada ya Pasaka.”

Baada ya Pasaka. Hebu fikirini. Mtu wa theluji apewe heshima yake wakati watu wamevaa mikono mifupi, nani atakumbuka alichofanya?

Siku ya Alhamisi bwana wa tai akasimama mbele ya ramani, akachora kwa mkono mkanda mwembamba wa theluji unaotoka ziwani. Akasema Jumamosi mkanda huo utalala juu ya miji ya mashariki na kusini, Cheektowaga ikiwemo, mtu asisafiri kama halazimiki. Kwa bahati mbaya nilielewa kila neno. Nikachukua simu, nikasema kwenye kundi kwamba Jumamosi kutakuwa na upepo wa ziwa na West Side kutakuwa na jua. Ilikuwa kweli tupu, naomba mlikumbuke hilo. Nusu ya pili ya sentensi niliimeza.

Ijumaa asubuhi dada Eseta akapiga simu kutoka Louisville. Hatukuwa tumeonana tangu tulipoachana kwenye kambi ya wakimbizi, miaka kumi na miwili, na sasa miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua, nilijua kwamba safari kama hii hataifanya mara mbili. Alisema watoto wake wanamwonyesha maonyo kwenye simu na kumkataza kupanda basi la kwaya, lakini yeye amewajibu kwamba ndugu yake ndiye msimamizi wa theluji ya huko. Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

“Zakaria, umepima, au umeandika?”

“Nimepima, dada. Njoo.”

“Nibebe viatu vizito?”

“Vya nini? Vaa vya kanisani.”

Mchana huohuo, binti yangu Furaha akiwa amelala baada ya zamu yake ya kutunza wazee, nilichukua ufunguo wa gari lake nikapanga vitu kule nyuma: mabuti yangu ya theluji, beleshi, mablanketi mawili na chupa ya chai, ambayo kesho yake asubuhi niliijaza tena. Nikavifunika kwa kitenge cha marehemu mke wangu. (Dhamiri yangu ndivyo ilivyo, hainizuii kufanya kosa, inanifungashia mizigo tu.)

Jumamosi jua liliwaka West Side kama nilivyosema. Nilisimama kwenye ngazi na suti mpya, nikatuma ujumbe wa mwisho, nikawaambia ndugu walioko njiani kwamba ninapozungumza nimefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga. Miguuni nilivaa viatu vyeusi vya ngozi. Mabuti ningeyavaaje? Mabuti yangekuwa ushahidi.

Tukaondoka watatu, Furaha kwenye usukani, Mchungaji Elia pembeni yake na ubao umefungwa kitambaa mapajani, mimi nyuma kama bwana harusi. Simu ya Furaha ikalia ule mlio wa onyo, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika, nami nikajifanya siku hiyo Kiingereza kimenitoka. Dakika kumi na tano tulikwenda na jua. Halafu mbele yetu barabara ikaisha. Sijui niseme vipi, upande huu jua, upande ule ukuta mweupe, tukaingia ndani yake kama watu waliopita pazia, na Mchungaji akaanza kuomba kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Tulichukua zaidi ya saa moja kumaliza mitaa michache iliyobaki. Tulipoingia barabara ya ukumbi, tukalikuta basi la kwaya limelala kimshazari, tairi za mbele zimezama. Walikuwa wametoka Louisville jana yake, wakalala kwa wenzao Reynoldsburg, karibu na Columbus, wakaondoka wote alfajiri, na kipande cha mwisho kando ya ziwa kiliwachukua saa nne. Wanaume wa kwaya walikuwa nje wanasukuma wakiwa na majoho yao ya bluu. Furaha akakanyaga breki, gari letu likateleza taratibu, kwa adabu kabisa, likajipachika kwenye rundo la theluji nyuma yao.

Mwalimu wa kwaya ya Columbus, mtu mnene anayeitwa Bosco, akaja dirishani, kope zimeganda.

“Mzee Meteo, donc hii ndiyo jua ya Buffalo? Iko nyeupe sana.”

Nikamwambia ni wingu linapita. Akauliza kama tuna beleshi. Nikasema, nani anabeba beleshi siku ya jua, na hapo nikashuka haraka, nikazama mpaka magotini na viatu vyangu vya ngozi, nikaenda kuegemea nyuma ya gari kama mtu anayepumzika. Mchungaji naye akashuka, akasema labda kuna zulia au gunia la kutia chini ya tairi, tutazame kule nyuma. Nikasema hakuna kitu huko. Akasema tutazame tu. Nikasema, Mchungaji, nakwambia hakuna kitu.

Sasa gari la Furaha ni la aina ile ambayo huhitaji kushuka, unabonyeza kitufe tu. Akabonyeza. Mlango ukaanza kupanda wenyewe, polepole, nyuma ya mgongo wangu, ukakamata pindo la koti langu na kuliinua mbele ya kwaya mbili, nikavutika mpaka nikasimama kwa vidole, ndipo ukaniachia. Upepo ukamalizia kazi kwa kukipeperusha kile kitenge.

Mabuti. Beleshi. Mablanketi. Chai, tena bado ya moto.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza, maana kicheko ningekiweza. Bosco alilichukua beleshi, akaligeuza mkononi kama mtu anayesoma barua, akamwambia Mchungaji taratibu, “Kumbe alijua.”

Ndipo nikamwona Eseta. Alikuwa kwenye mlango wa basi, wasichana wawili wamemshika mikono, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, na viatu vyake vya kanisani vimejaa theluji, kwa sababu alikuwa ameshuka kunisubiri nje, anisalimie kabla ya wote. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia siku hiyo. Nilichukua mabuti na blanketi nikaenda nikapiga magoti pale chini. Nilipomvua kiatu cha kwanza, vidole vyake vilikuwa vya rangi ya majivu, nikavisugua kwa blanketi. Nilipomaliza kumvisha akaniwekea mkono kichwani.

“Zakaria,” akasema mbele ya kwaya zote, “umepima, au umeandika?”

“Nimeandika, dada.”

“Haya,” akasema. “Nipe hiyo chai.”

Wakachimba kwenye gari letu kwa kupokezana lile beleshi, lakini chini kulikuwa na barafu, tairi inazunguka bure. Mchungaji Elia akatazama tairi, akatazama kilichokuwa kwapani mwake, akakifungua kile kitambaa. Ubao ulikuwa mzuri, ndugu zangu, mpana, na umechongwa maneno: Kwa Mzee Zakaria, kwa uaminifu wake katika kila hali ya hewa. Akainama, akausukuma chini ya tairi, akasema, “Bon, na wenyewe ufanye kazi.” Furaha akakanyaga mafuta, tukasikia ubao ukilia, gari likatoka, kisha basi nalo likasukumwa mpaka likatoka.

Ukumbini hawakunitaja. Waliimba, walishukuru kwa safari, walikula, nami nilikaa karibu na mlango na soksi zilizolowa. Mtu mmoja tu alikaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima pale mbele, Eseta, na mabuti yangu makubwa, akipiga mguu kufuata ngoma. Alipoteza kucha mbili. Alikaa kwangu siku tisa mpaka vidole vikapona, na katika siku zote tisa hakuligusia jambo lile hata mara moja, na ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Ule ubao nimeutundika, umepasuka katikati ya neno uaminifu, na wageni wanadhani uliharibika posta. Kwenye kundi nimerudi, ila nasema maneno machache: hapa kwangu, kwenye ngazi yangu, inchi tatu, kwenu sijui, msikilizeni yule bwana wa televisheni, na jina lake nalitaja. Vijana hawasafishi tena njia yangu. Naisafisha mwenyewe, na ni haki.

Eseta aliondoka na mabuti. Nilimkumbusha kwamba Louisville hakuna theluji ya kutosha mabuti yale, akasema huwezi kujua, watabiri siku hizi si wa kuaminika. Kila Jumamosi ananipigia, na kabla ya salamu ananiuliza lile swali. Kwa hiyo simu yake ikilia simjibu mara moja, nachukua rula natoka nje kwanza, natoka na vile viatu vyeusi vya ngozi, maana nimekataa kununua mabuti mengine, nazama, nachomeka, nasoma. Hata mwezi wa saba natoka. Nasimama kwenye ngazi na rula yangu juani, nahakikisha hakuna kitu, ndipo napokea.